Donge la Chemba ya Kwanza

Faili lilikuwa limeshachekwa na kituo kizima kabla halijafika mezani kwa Inspekta. Lilipita mapokezi, likapita chumba cha doria, likazunguka hadi kwa wapika chai, na kila aliyelifungua aliziba pua kwa vidole na kumsukumia mwenzake. Juu ya jalada kuna mtu alikuwa amechora choo kwa kalamu ya risasi, tena alikichora kwa ustadi.

Inspekta alikifuta kile choo, akapuliza mabaki ya kifutio, akaanza kusoma. Hakutabasamu hata kidogo. Waliomzoea walijua kwamba mama huyu aliisoma kesi ya kuku aliyeibwa kwa jicho lile lile alilosomea kesi ya mauaji, ndiyo maana wezi wa kuku na wauaji walimwogopa sawasawa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kulikuwa na nyumba ya ghorofa mbili ambayo bomba lake la majitaka liliziba mara tatu katika msimu mmoja wa mvua. Mara mbili za kwanza aliitwa fundi wa siku zote, mtu ambaye mtaa mzima ulimwita Spana, akazibua akaenda zake. Mara ya tatu maji machafu yalirudi nyuma, yakafurika kupitia choo cha chini na kuingia katika chumba cha mshonaji, yakaharibu vitambaa na magauni ya wateja. Safari hiyo mwenye nyumba alileta fundi mwingine. Huyo alivuta kutoka bombani donge la mafuta yaliyoganda, nene na refu kama mkono wa mtu, na ndani yake mlikuwa na matambara ya buluu. Matambara yalitokana na ovaroli, na ovaroli ya rangi ile mtaani alikuwa nayo mtu mmoja tu.

Mwenye nyumba hakuhitaji kuambiwa zaidi. Spana anaziba mwenyewe ili aitwe kuzibua, alieleza, na alieleza kwa kirefu. Spana akalala mahabusu. Mchana huu gari la mahakamani lingeondoka naye akasomewe shtaka la kuharibu mali kwa makusudi. Fundi wa mabomba huingizwa na watu hadi vyooni mwao, mahali ambapo hata shemeji haingii. Akishasomewa shtaka la namna hiyo, hakuna mlango utakaomfungukia tena, hata kama hakimu atamwachia kesho yake. Inspekta aliliona hilo mara moja.

"Afande, hii haina hata la kuuliza," alisema Sajenti, mtu mzima mnene aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu. "Tambara ni lake, nyumba anaijua, na kila ikiziba anaitwa yeye. Tunataka nini tena?"

"Nataka kuliona donge."

Sajenti alishusha pumzi. "Liko nyuma, kwenye ndoo. Kila chumba kimelikataa."

Nyuma ya kituo, karibu na bomba la kunawia, Inspekta alijifunga leso usoni, akavaa glavu, akalilaza donge juu ya gazeti na kulipasua kwa kisu toka mwanzo hadi mwisho. Sajenti alisimama upande ule upepo unakotoka. Miaka mingi kazini ilikuwa imemfundisha mambo ya msingi.

Ndani, donge lilikuwa na matabaka. Tabaka jeupe, la kijivu, jeupe tena, na kati ya tabaka na tabaka kulikuwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa. Kile cha ndani kabisa kilikuwa kimeanza kuoza na rangi imekitoka. Cha nje bado kilikuwa na buluu yake. Inspekta aliyaminya mafuta kwa vidole akitafuta mchanga, asipate hata chembe.

"Sajenti, ukitaka kuziba shimo la panya kwa tambara unafanyaje?"

"Nalishindilia lote kwa mkupuo, nasahau."

"Huweki kipande leo, ukasubiri mpaka kianze kuoza, ndipo uongeze kingine?"

"Panya mwenyewe atanicheka, afande."

"Basi huyu wetu tunaambiwa kafanya hivyo. Tena tunaambiwa alifunua mfuniko wa shimo la mabomba uani, mfuniko wenye udongo juu yake, na mchanga usidondoke hata kidogo." Alivua glavu. "Donge hili halikuwekwa na mtu. Limekua."

Sajenti alisogea karibu, harufu na yote. Alikuwa ametumika chini ya maofisa wengi wenye sauti kubwa. Huyu hakuwa na sauti kubwa, na ndiye pekee aliyemfanya asahau habari za kiinua mgongo.

Spana aliletwa chumba cha mahojiano. Alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mipana iliyosuguliwa ikawa safi kuliko ya wengi waliomcheka. Alikaa pale alipoonyeshwa na kusubiri.

"Tambara ni lako?" aliuliza Inspekta.

"Ni langu, afande."

"Lilifikaje bombani?"

"Sikuliweka mimi."

"Ovaroli yenyewe iko wapi?"

"Ilichakaa. Niliikatakata vipande vya kupangusia."

"Kupangusia nini?"

"Masufuria na vikaango. Mafuta yakipanguswa kabla ya kuosha, hayaingii kwenye sinki. Yakiingia yanaganda mbele kwa mbele, na yakiganda yananasa kila kinachopita. Nyumba ile sinki za jikoni zilikuwa zinaziba kila mara, nikawaeleza watu wote, mlango kwa mlango."

"Na vipande ukampa nani?"

Spana alitazama viganja vyake. "Andika kwamba ni vyangu, afande. Hiyo inatosha."

"Hainitoshi. Mara mbili umezibua wewe. Hukuona matambara?"

Hapo uso ulimbadilika. "Sikuvuta. Nilisukuma kwa waya mpaka maji yakapita, nikaondoka. Ningevuta, ningeona. Hilo kosa ni langu na nalikubali. Ila kuziba, sijaziba."

"Unajua nini kitakupata ukipanda lile gari mchana?"

"Najua."

"Na jina hunipi?"

"Sikupi, afande. Nisamehe."

Inspekta alifunga kalamu. Alikuwa amekaa na waongo karibu maisha yake yote ya utu uzima, na kwa kawaida aliwatambua kwa jinsi walivyozidisha maneno. Huyu alikuwa anayapunguza. Mtu anayepunguza maneno wakati maji yamemfika shingoni kwa kawaida anamfichia mwingine, na Inspekta, ambaye hakuwa mwepesi wa kuvutiwa na watuhumiwa, alitoka mle chumbani akiwa amevutiwa.

Mwenye nyumba aliwapokea langoni, koti limepigwa pasi, viatu vimeng'aa.

"Sielewi mnatafuta nini," alisema. "Mtu si mnaye?"

"Natafuta njia ya maji," alijibu Inspekta. "Nionyeshe inakopita."

Hakuna aliyewahi kumtaka jambo hilo, na ilibidi aulizeulize mwenyewe kabla ya kuweza kueleza. Uani kulikuwa na chemba mbili, yaani yale mashimo ya kujengewa ambamo mabomba hukutana na fundi huchungulia. Chemba ya kwanza ilikuwa chini ya ukuta wa nyumba, ya pili karibu na lango. Katikati ya chemba hizo mshonaji alikuwa ametandaza magauni yaliyoharibika juu ya kamba, akiyakagua moja moja kama mtu anayetambua maiti.

"Pole, dada," Inspekta alimwambia.

"Nishapoa. Mmekuja kuuliza habari ya ovaroli? Niliishona mimi. Mshono ni wangu, siwezi kuukana." Aligeuza gauni upande wa pili. "Lakini nikuambie ukweli, mali yangu ndiyo iliyoharibika, na bado sisemi ni Spana. Maji yalipoingia, wenzangu walikimbilia juu. Yeye aliingia na ndoo, akachota mpaka akamaliza, hata hakuitwa. Ndiyo kwanza anapumzika, wakaja kumchukua."

"Humu ndani kwako unapika?"

"Nipike na vitambaa hivi? Vinashika harufu. Nanunua kwa mpishi, pale nyuma."

"Mpishi," alinong'ona Sajenti, macho yakimng'aa. "Afande, mafuta yanatoka kwa nani kama si kwa mpishi?"

Mwenye nyumba alilidaka neno lile. "Kweli. Huyo hukaanga kutwa nzima, anapeleka vyakula maofisini. Labda wamekula njama, yeye na Spana."

Inspekta alimwomba mshonaji kikopo cha rangi nyekundu ya kutilia nguo, akaenda nayo nyuma.

Jiko la mpishi lilikuwa chumba kimoja cha chini, na kwa kweli mafuta yalikuwa yakichemka katika makarai mawili. Lakini Inspekta alisimama mlangoni akalitazama sinki, na Sajenti aliyekuwa nyuma yake akaishiwa maneno. Sinki lilikuwa limekauka na kung'aa. Mdomo wake ulikuwa na chujio la waya wa matundu madogo. Pembeni kulikuwa na debe lenye mfuniko, na ndani yake mafuta yaliyotumika yamepoa. Makombo yalikuwa kwenye ndoo yake, majani ya chai kwenye kopo lake.

"Debe hili linakwenda wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kuna mama mtengeneza sabuni, hulipitia likijaa," alisema mpishi, hakuacha kugeuza vitu vyake kwenye karai. "Spana alinitisha mimi. Alisema, ukimwaga mafuta ya moto humu utafurahi, utaona yamekwenda. Yanakwenda mpaka chini ya ua, yanapoa, yanashika ukuta wa bomba. Kesho yanashika tena. Bomba linabaki na tundu la kalamu. Akanitafutia na chujio hili, akanionyesha jinsi ya kulisugua."

"Na tangu hapo umemwita mara ngapi kuzibua?"

Mpishi aligeuka kwa mara ya kwanza. "Nimwitie nini? Sinki halijaziba tena."

Inspekta alimtazama mwenye nyumba kwa upole. "Umesikia? Huyu unaiambia mahakama kwamba anaziba ili aitwe. Kisha anapita mlango kwa mlango akiwafundisha wateja wasimwite."

"Tambara lipo," alisema mwenye nyumba, ingawa sauti ilikuwa imeanza kulegea.

"Lipo. Tulifuate."

Alimtuma Sajenti asimame juu ya chemba ya kwanza, mwenyewe akapiga magoti kwenye ya pili bila kujali sketi yake ya kazi, akamwambia mpishi amimine rangi kwenye sinki na kufungua maji. Maji yalipita chini ya miguu yao, na baada ya kitambo chemba ya pili ikageuka nyekundu kama maji ya kusafishia nyama.

"Huko kwako?" aliita Inspekta.

"Meupe, afande. Hayajaguswa."

Maji yalipotakata, alimtuma mwenye nyumba na rangi kwenye sinki la ghorofa yake, linaloshukia bomba moja na la juu. Nyekundu tena, chemba ya pili. Kisha akamwomba avute maji ya choo chake baada ya kutia rangi, na safari hii Sajenti ndiye aliyepaza sauti, maana nyekundu ilitokea miguuni pake.

Inspekta aliinuka, akakung'uta magoti. Uso wake ulikuwa na ile raha tulivu ya mtu ambaye ufunguo umezunguka kufulini. Nikiri kwamba hapo ndipo alipopendeza kuliko saa nyingine yoyote.

"Fundi wako wa pili alilivuta donge kutoka wapi?"

"Hapo," mwenye nyumba alionyesha chemba ya kwanza. "Bomba linaloingia kutoka ndani."

"Hapo hakuna jiko linalofika. Masinki yote yanakwenda kule langoni, na bomba lao ni safi kwa kazi ya Spana. Hapa yanafika maji ya vyoo tu. Sasa niambie, mafuta ya kupikia yalifuata nini chooni?"

Mwenye nyumba alichungulia ndani ya chemba.

"Mtu ameyabeba," Sajenti alisema taratibu. "Ameyatoa jikoni, akayapeleka chooni kwa mkono."

"Vyoo vinavyomwaga hapa ni vingapi?"

"Vitatu," alijibu mwenye nyumba. "Cha mshonaji, changu, na cha juu. Mpishi anatumia choo cha pale langoni."

"Mshonaji hapiki. Wewe?"

"Mimi sijui hata kuwasha jiko. Mke wangu kahamishiwa kazi mji mwingine, basi nakula juu kwa mama." Alisema hivyo kwa fahari ya mtoto aliyelishwa vizuri, na sentensi ilikuwa imeshamtoka ndipo alipoisikia.

Walipanda ngazi.

Bibi, mama yake mwenye nyumba, alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho makali na mtandio uliofungwa kwa pini. Inspekta alimwamkia, bibi akaitikia na kumwonyesha kiti kabla hajamwuliza ni nani. Alipoambiwa kwamba mgeni angependa kuona jiko lake, alifurahi waziwazi. Jiko hilo lilistahili kutazamwa. Vikaango vilining'inia kwa ukubwa, vimekauka hata kwenye mishikio. Sinki lilikuwa na chujio kama la mpishi, na chini yake hakuna alama ya uvujaji hata moja.

"Nimekaa na majiko maisha yangu yote, sijawahi kuwa na sinki linalokunywa maji namna hii," alisema bibi. Alifungua bomba, na maji yakazama bila kutuama. "Ni Spana huyo. Wengine aliwaambia wakaitikia tu. Mimi nilimwambia, mwanangu, rudia, nataka kushika. Mafuta marufuku kwenye sinki. Makombo marufuku. Majani ya chai marufuku. Nikamwambia sina matambara ya kupangusia, akaniletea ovaroli yake kuukuu, ameikata vipande vizuri hivi."

Alivuta droo. Vipande vya buluu vilikuwa vimepangwa humo, pindo kwa pindo.

Mwenye nyumba aliegemea mlango.

"Bibi, nionyeshe unavyofanya," Inspekta alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote.

Bibi alichukua kikaango kilichokuwa jikoni, mafuta ya mlo wa asubuhi bado yamo. Aliyakusanya yote kwa kitambaa, kwa mikono myepesi ya mtu aliyezoea, hata chuma kikabaki kikavu. Hakuna mkaguzi ambaye angeona kosa. Kisha akakikunja kile kitambaa kizito, akakikinga kwa mkono mwingine kisije kikadondosha tone sakafuni, na kutoka nacho jikoni.

Walimfuata. Alifungua mlango wa choo, akakitia, akavuta maji.

"Halafu namwagia na birika la maji ya moto," alieleza, "kisije kikakwama njiani. Bomba nalo linataka kuhurumiwa."

Sajenti aliyatazama magamba ya rangi kwenye dari kana kwamba ndiyo yaliyomleta.

"Mama," alisema mwenye nyumba. "Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimefanya nilivyofundishwa. Kwani we una nini, mbona umebadilika rangi?"

Inspekta alimshika bibi mkono, akamkalisha, akamweleza. Hakutia chumvi na hakupunguza. Alimwambia kwamba maji ya moto huyayeyusha mafuta kwa muda tu, yakafika chini ya ua na kuganda pale penye ubaridi, na kwamba kitambaa hakiyeyuki kama karatasi ya chooni, hunasa na kushikilia kila kinachofuata. Alimwambia habari za magauni ya mshonaji. Bibi alisikiliza mikono imetulia mapajani.

"Na Spana mbona hajaja kuliona jambo hili?" aliuliza mwishowe. Akamgeukia mwanawe. "Si uliniambia amesafiri?"

Mwenye nyumba alitazama viatu vyake vilivyong'aa.

"Yuko wapi?"

"Yuko kituoni kwetu, bibi," alisema Inspekta. "Amewekwa ndani kwa matambara haya. Nilimwuliza alimpa nani, akakataa kusema."

Bibi alisimama. Aliupanga upya mtandio wake, akabana pini, akatafuta viatu vyake vya kutokea. Mwanawe alimwambia mama, tulia, nitapiga simu. Alimwambia gari linaletwa. Alimwambia jua ni kali. Bibi alikuwa ameshafika kwenye ngazi, anashuka akijishikiza ukutani, ngazi kwa ngazi, na Sajenti mzima na tumbo lake akatangulia mbele yake kinyumenyume, mikono ameinyoosha, ikiwa atateleza.

Gari la mahakamani lilikuwa limeshawasha injini walipofika. Inspekta alimpa dereva ishara ya kuzima, akaingia ndani. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta na kusema kwa sauti iliyofika hadi chumba cha doria:

"Aliyeziba ni mimi. Niandikeni."

Askari wa zamu alimtazama Inspekta, Inspekta akatazama pembeni.

"Bibi, keti kwanza," askari alisema.

"Siketi. Mtoe yule, mniingize mimi. Vyumba si mnavyo?"

"Mama, basi," mwenye nyumba alimsihi. Alikuwa anatokwa jasho ndani ya koti lake. "Afande, naondoa malalamiko. Naondoa yote. Na mshonaji nitamlipa mimi, mtu mwingine asidaiwe. Naomba tu mama yangu akae."

"Utaandika maelezo mapya, kwa mkono wako," alisema Inspekta, "na utaeleza donge limetoka wapi, ili jina la Spana libaki safi mtaani kama lilivyokuwa. Na mshonaji na mpishi utawasomea mwenyewe."

"Nitaandika."

Aliandika. Ilikuwa kazi ngumu, na hakuna aliyemsaidia maneno. Inspekta alisoma mstari kwa mstari, akamrudishia mara moja mahali alipojaribu kuandika "mtu mmoja wa nyumba", naye akafuta na kuandika "mama yangu mzazi, bila nia mbaya". Ndipo Sajenti alipokwenda na funguo.

Spana alitoka akiwa amebeba viatu mkononi. Alipomwona bibi pale kwenye benchi la mapokezi, alisimama.

"Bibi. Kwa nini wamekuleta?"

"Nimejileta. Njoo hapa."

Alikwenda. Bibi alimtazama toka juu hadi chini, kama anayekagua iwapo amerudishiwa mzima.

"Uliniambia yasiingie kwenye sinki," alisema. "Nikashika. Hukuniambia yaende wapi."

Spana alifikiri. Alikuwa na haki ya kusema mengi, na wapo ambao wangeyasema yote. "Kweli, bibi," alijibu. "Sikukuambia. Nilikufundisha nusu."

"Basi nimalizie."

Akakaa kando yake, viatu bado mkononi, akamwambia kwamba mafuta yaachwe yapoe, yakusanywe koponi, na kitambaa kiende kwenye ndoo ya taka, siku zote. Akamwambia kwamba choo kinapokea maji, karatasi yake, na kile ambacho kila mtu anakijua, basi, cha nne hakuna. Askari wa zamu alikuwa ameacha kuandika. Wawili wa doria walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja aliuliza kwa haya habari za nywele kwenye bomba la bafuni, akajibiwa vizuri naye. Hakuna aliyeziba pua. Inspekta, aliyekuwa na kesi nyingine tatu mezani, alibaki ameegemea kaunta akisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ile ile aliyowapa mashahidi wa mauaji.

"Ulijua ni mimi?" bibi aliuliza.

"Nilijua walipokuja na tambara. Nilimpa nani mwingine?"

"Ukalala ndani."

"Mle sakafu ni ya saruji, bibi. Ina baridi," alisema Spana. "Na wewe una magoti yako."

Bibi alimshika mkono, akaushikilia. Kisha akageuza kichwa kumtafuta mwanawe, aliyekuwa amesimama nyuma yao na kalamu ya kituo bado vidoleni.

"Umesikia?" alimwuliza.

"Nimesikia, mama," alisema mwenye nyumba.